Ukoo wa Tukuyu: leo tunaamua ng'ombe

Mama Neema (Wisconsin): Shikamoo baba, shikamoo mama. Neema na Baraka leo wameingia mashindano yao ya kwanza ya kuamua ng'ombe wa maziwa, maonyesho ya kaunti. Wako klabu ya 4-H, ile ya vijana wa kilimo na mifugo huku Marekani. [picha]

Babu: Marahaba mwanangu. Ng'ombe ni wao?

Mama Neema: Hapana baba. Wanaletewa ng'ombe wanne, wamepewa namba 1 hadi 4. Mtoto anatazama, haruhusiwi kunong'ona na mwenzake, halafu anaandika kwenye kadi yupi wa kwanza mpaka wa mwisho.

Mjomba Dar: Neema kunyamaza?? Hizo maksi apewe kabla ya ng'ombe 😂

Babu: Wanakamua kwanza?

Mama Neema: Hawagusi hata mkia.

Babu: Sasa unamjuaje ng'ombe hujamkamua?

Bibi: Mzee, ngoja uelezwe.

Mama Neema: Kwa macho tu baba. Katika maksi 100 za umbo, kiwele peke yake ni 40. Miguu ya nyuma na kwato, 20.

Babu: Hapo kwenye kiwele wamesema kweli. Kikishuka chini ya goti la nyuma, anajikanyaga chuchu, kesho unamwita daktari wa mifugo.

Mama Mdogo: Maksi zenyewe wanahesabuje?

Mama Neema: Kila kundi la ng'ombe wanne ni 50. Jaji alipanga 3-1-4-2. Neema kaandika 1-3-4-2, kapata 48, maana hao wawili wa juu wamekaribiana sana. Baraka kawageuza wa katikati, 3-4-1-2. Hao wameachana mbali, wamemkata 6.

Mama Neema: Neema hapa. Shikamoo babu. Nilimweka 1 juu kwa sababu ana sura nzuri 🙈

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Sura haikamuliwi.

Mjomba Dar: 😂😂😂

Mama Neema: Kisha wanasimama mbele ya jaji kujitetea, dakika mbili, bila karatasi. Baraka kasema, "Namba 3 nimemweka juu ya 4 kwa sababu kiwele chake kimeshikana vizuri na tumbo." Sauti ilitetemeka lakini kamaliza.

Bibi: Mungu ambariki mjukuu wangu.

Mjomba Dar: Sisi Nane Nane, maonyesho ya wakulima pale viwanja vya John Mwakangale Mbeya, tunakwenda kula mishikaki. Kwenye mabanda ya ng'ombe watoto wanapita wameziba pua.

Babu: Umewafundisha wewe. Mama Neema, nitumie video, watembezwe. Picha za mbele hazinisaidii.

Mama Neema: [video]

Bibi: Chai imepoa, mzee bado anatazama simu.

Babu: 3-4-1-2. Baraka yuko sawa. Namba 1 kiwele kimeinama mbele, jaji hakuzunguka.

Mama Neema: Baba, jaji ndiyo kazi yake hiyo!

Babu: Na mimi je? Halafu huyo namba 2 anachechemea mguu wa nyuma. Mwambieni mwenyewe amtazame kwato leo leo.