Nataka kusoma haidroliki na haidrolojia ya mabomba, nianzie wapi?

KijanaLikoni: Jamani hamjambo, nina diploma ya ujenzi na huu mwaka wa pili nalaza mabomba ya maji na kontrakta huku Pwani. Kulaza najua, hesabu ndizo zanishinda. Wiki jana twajaribu laini ya bomba la kipenyo cha milimita 200, mwenzangu akafunga valvu haraka haraka, nikasikia ndani kama mtu kapiga nyundo, sindano ya geji ikaruka mpaka mwisho ikarudi, joint ikaachana na mtaro wote ukajaa maji. Msimamizi akasema ni hewa. Sikuridhika kabisa, nataka kujua hasa kilichotokea.

Fundi_Presha: Kaka hiyo ni nyundo ya maji. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde halafu yasimamishwe ghafla kwenye bomba la chuma, presha yapanda karibu bar 10 juu ya iliyokuwepo, kwa plastiki ni chini ya hapo maana yenyewe hutanuka. Anza na haidroliki, yaani elimu ya maji yanavyotembea na presha yake: kanuni ya Bernoulli (nguvu ya maji kati ya presha, mwendo na mwinuko), kisha ya Darcy-Weisbach (presha inayopotea kwa msuguano bombani), mpaka uweze kuchora mstari wa presha juu ya mwinuko wa laini yako. Hapo utaona kwa nini ukipunguza kipenyo nusu na maji ni yale yale, presha inayopotea yazidi mara 30 hivi, nimeona watu wakiokoa pesa ya bomba wakaja kuilipa yote kwa stima ya pampu.

Dada_Mazeras: Kuna EPANET, programu ya bure kutoka Marekani ya kupigia hesabu za mtandao wa mabomba ya maji, lakini piga kwanza kwa mkono, tanki moja bomba moja. Kisha fikiria laini ya maji ya Mzima inayoleta maji Mombasa, zaidi ya kilomita 200 toka chemchemi za Tsavo Magharibi na maji yashuka yenyewe. Hewa yajikusanya wapi? Vileleni, ndio maana pakawekwa valvu za hewa, na mabondeni za kutolea tope.

MzeeWaMto: Mwanangu haidrolojia, yaani elimu ya mvua, mito na mafuriko, usiiwache. Bomba likivuka mto, mafuriko huchimba chini yake mpaka laning'inia. Mafuriko ya miaka 100 si kwamba yaja mara moja kwa karne, kila mwaka nafasi yake ni asilimia 1, kwa bomba la kukaa miaka 30 ni kama asilimia 26. Waliokuwa Pwani mvua za 1997 hawahitaji kuelezwa.

KijanaLikoni: Shukran sana wakubwa zangu. Leo tumerudia, valvu nimeifunga mwenyewe pole pole karibu dakika tano, sindano haikuruka. Mzee, hicho kina cha kuchimbika mtoni kinapigwaje hesabu?