Kwa nini kitabu hiki cha vichekesho vya angani hakikai mezani kwangu?

MamaKaratasi, Moshi

Habari za jioni wanajamvi. Nina swali la biashara, ila limeshakuwa swali langu binafsi pia.

Nauza vitabu vya mtumba hapa mjini, si mbali na stendi. Vingi navipata kwa wahudumu wa hoteli na vijana wa mlimani. Mzungu akishuka Kilimanjaro, begi limejaa nguo za vumbi na viatu vya tope, kitu cha kwanza kuachwa chumbani ni kitabu. Kwa hiyo mzigo wangu hauchagui: Biblia za Kijerumani, riwaya za majasusi, vitabu vya kupunguza tumbo, na zile hadithi za anga za mbali ambazo watu husoma hemani usiku, baridi ikiwakatalia usingizi.

Hizi za anga ndizo zinazonitia hasara. Jalada lina chombo kinachotema moto, kijana anakuja, anaangalia picha, anarudisha. Isipokuwa kimoja: "The Hitchhiker's Guide to the Galaxy" cha Mwingereza Douglas Adams. Hicho kikitua Jumatatu, Jumamosi hakipo. Na wala si kipya. Kilitoka 1979, na kabla ya kuwa kitabu kilikuwa mchezo wa redio ya BBC, 1978. Mwandishi mwenyewe alifariki 2001. Vitabu vingine vya umri huo nilivyo navyo vinasubiri muuza karanga.

Wanunuzi ndio wanaonichanganya zaidi. Mpagazi. Binti wa Chuo cha Ushirika. Mchungaji mmoja, mtu mzima kabisa, aliyeniomba nimfungie kwenye gazeti.

Nikaamua kukisoma. Kwa wasiokijua: bwana anaitwa Arthur Dent, anaamka asubuhi anakuta katapila nje. Halmashauri inapitisha barabara ya mchepuko, na nyumba yake iko njiani. Anaenda kulala kwenye tope mbele ya katapila. Siku hiyo hiyo dunia nzima inavunjwa na viumbe wanaoitwa Vogon, kwa sababu ile ile: barabara ya mchepuko, ila hii ni ya angani. Arthur anapona kwa vile rafiki yake Ford Prefect, ambaye kumbe si mtu wa dunia hii, anajua kudandia vyombo vya watu. Baada ya hapo kuna roboti mwenye huzuni, kuna rais wa galaksi mwenye vichwa viwili, na kuna kompyuta iliyofikiri miaka milioni saba na nusu kutafuta jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu, ikaja na 42.

Nilicheka mpaka wateja wakanitazama. Lakini nikimsimulia mume wangu anauliza, "Enhe, halafu?" Hakuna halafu! Watu wanatupwa nje ya chombo, wanaokolewa kwa bahati, wanaingia kwingine, na mwishoni kitabu kinakatika kama umeme umekwenda.

Sasa nisaidieni. Kitu gani kinakiweka hai? Kama ni vichekesho, hivyo si ndivyo vya kwanza kuzeeka?

MzeeWaHorombo, Marangu

Dada, kwanza ujue huyo mwandishi alishafika pande hizi. Mwaka 1994 kundi la Waingereza lilitembea kwa miguu kutoka pwani ya Kenya hadi Kilimanjaro kuchangisha pesa za faru, wakiwa na vazi la faru, zito, la kuvaa mwili mzima. Adams alikuwa miongoni mwao, na alilivaa njiani kabla ya kuanza kupanda. Zilipatikana kama pauni 100,000, zikaenda kwenye shule za Kenya na kwenye mradi wa kulinda faru weusi hapa Tanzania. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule, nimeyajua kwa kusoma. Lakini ninapoongoza mgeni nikaona ana kitabu hicho, namsimulia, na anafurahi kuliko nikimweleza habari za barafu ya Kibo.

Kuhusu wapagazi kukinunua, mimi sishangai. Soma ukurasa wa taulo. Kitabu kinasema msafiri wa galaksi hana kitu cha maana kuliko taulo: utajifunika, utalalia, utaifanya tanga la mashua, utailowesha upigane nayo. Halafu anaongeza jambo ambalo nadhani aliliona kwa macho yake: mtu akikuona una taulo, anaamini moja kwa moja kwamba una mswaki, sabuni, dira na kila kitu, kwa hiyo atakuazima chochote ukisema umekipoteza.

Huo ni mlima mtupu. Kuna wageni wanaokuja na taa ya kichwani, mifuko ya kupasha vidole moto, saa inayohesabu mapigo ya moyo. Mzigo unapimwa getini usizidi kilo 20, kijana anabeba yote hayo kichwani. Saa sita usiku pale Kibo, wakati wa kuanza kupanda kileleni, mwenye mali anatetemeka anaomba shuka langu la Kimasai. Kijana aliyebeba zile kilo 20 akisoma ule ukurasa, hahitaji kuelezwa utani uko wapi.

MpimaArdhi, Arusha (Sakina)

Wakuu, hayo ya taulo ni pambo. Kilichokiweka hai ni ofisi.

Mimi ni mpima ardhi, nashinda na ramani. Kuna mazungumzo mwanzoni kabisa ambayo nilisoma nikafunga kitabu kwanza, nikatembea uani. Arthur anamuuliza yule bwana wa halmashauri, Prosser, mbona sikuambiwa? Anajibiwa: ramani zilikuwa wazi kwa umma miezi tisa. Wapi? Chini, ghorofa ya ardhini, ambako taa hazipo, wala ngazi. Ndani ya kabati la mafaili lililofungwa kwa kufuli, kabati liko kwenye choo kisichotumika, na mlangoni pamebandikwa onyo la kujihadhari na chui.

Jamani! Nimeshasimama mbele ya nyumba zenye X nyekundu nikiwa na faili mkononi. Mama ananiuliza, mwanangu, tangazo lilibandikwa wapi? Namwambia, kwenye ubao wa ofisi fulani. Ananiambia, ile ofisi ilihama kabla ya masika. Nikaenda kuangalia. Ubao upo, umeegeshwa ndani ya stoo, uso umeangalia ukuta. Ofisi siitaji, na wala haiko peke yake.

Kisha tazama akili ya mwandishi. Wale Vogon wanapokuja kuvunja dunia, watu wanalalamika, nao wanajibu vile vile: ramani zilikuwa Alpha Centauri miaka hamsini, mngeenda kuangalia. Nyota hiyo mwanga wenyewe unachukua zaidi ya miaka minne kufika. Ni mazungumzo yale yale, ila sasa anayelalamika ni sayari nzima, na yule Prosser naye anavunjwa humo humo pamoja na katapila lake.

Tena hakumfanya Prosser kuwa shetani. Ni mtu wa tumbo na wasiwasi, ana damu ya Genghis Khan bila kujua, na Ford anamshawishi kwa hoja tamu tamu mpaka anakubali kulala yeye kwenye tope badala ya Arthur, ili Ford na Arthur waende baa. Nimeshakaa vikao vya namna hiyo. Unatoka umesaini kitu, hujui umekisaini kwa nini.

Vile vitabu vya chombo kinachotema moto vilibashiri mitambo, na mitambo yao imeshapitwa. Huyu alichora dirisha la kupokelea barua. Nenda kesho asubuhi utalikuta.

KodiNaKahawa, Njiro

Naunga mkono kwa sehemu. Mimi ni wa kompyuta, na kwangu kitabu ni Marvin. Roboti mwenye ubongo mkubwa kama sayari, kazi anayopewa ni kufungua mlango na kusindikiza wageni. Nina digrii, wakuu. Ofisini naitwa printa ikikwama.

Ile milango pia! Milango inayoshukuru kila ukipita, imetengenezwa na kampuni iliyoamua kuipa mitambo hulka za kibinadamu. Mwaka 1979 ulikuwa mzaha. Leo simu yangu inanipongeza nikilipia umeme.

Halafu kile kitabu kilicho ndani ya kitabu, kifaa cha mkononi cha kuulizia chochote, chenye maandishi makubwa ya kirafiki ya kukuambia usitaharuki: Adams mwenyewe alijaribu kukiunda kweli. Alianzisha tovuti ya h2g2 mwaka 1999, watu wa kawaida wakiandika makala kuhusu kila kitu. Wikipedia ilikuja 2001.

MamaKaratasi, Moshi

Nimewasoma wote, asanteni. Ila kaka MpimaArdhi, mchungaji na X nyekundu wapi na wapi? Na yule binti hana hata kiwanja.

Na kuna jambo sikulisema. Vitabu viko vitano vya huyu bwana. Cha pili, cha 1980, chenye mgahawa ambao watu wanakula huku wakitazama mwisho wa ulimwengu, kinakwenda vizuri. Lakini cha tano, "Mostly Harmless" cha 1992, nimerudishiwa. Mteja alikuja amenuna, akakiweka mezani, hakudai hata pesa. Ofisi zipo humo pia, mitambo ipo. Mbona hicho kinalala?

MwalimuMstaafu, Old Moshi

Binti yangu MamaKaratasi, hujambo. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na kitabu hiki sikipi sifa zote mnazokipa, lakini swali lako la "halafu" ndilo limefika penyewe.

Kitabu hiki kilizaliwa kwa ajili ya sikio. Sisi tuliokua na Pwagu na Pwaguzi tunaelewa: kwenye redio msikilizaji akichoka anazima, hakupi kurasa ishirini uchangamke. Adams aliandika sehemu moja bila kujua ijayo itakuwaje, na mbili za mwisho za awamu ya kwanza alisaidiwa na rafiki yake John Lloyd kwa sababu kazi zilimzidi. Hana mpango wa kisa. Alicho nacho ni msimulizi, sauti ya kile Kitabu, ambaye hadithi ikifika penye moto anaisimamisha akueleze habari za taulo, au za mashairi ya Vogon, kwa utulivu wa mtangazaji wa hali ya hewa. Kwa hiyo unaweza kufungua popote. Mpagazi anasoma kurasa mbili gari likingoja wageni, na hajapoteza kitu. Mume wako anataka kisa, nawe unampelekea mifupa. Msomee ukurasa mzima kwa sauti, usimsimulie.

Na kule kukatika mwishoni si usanii. Alichelewa mno, mchapishaji akamwambia amalize ukurasa alio nao na kuukabidhi. Basi. Ndugu huyo alikuwa mgonjwa wa tarehe za mwisho. Cha nne, cha 1984, mhariri wake Sonny Mehta alihamia naye hotelini ili kimalizike.

Mchungaji namwelewa. Kuna samaki mdogo wa kuweka sikioni anayekuwezesha kuelewa lugha zote, na kutokana na samaki huyo watu wanathibitisha kwamba Mungu hayupo, kwa hoja ya mistari michache. Kisha aliyeshinda hoja anaendelea kuthibitisha kwamba nyeusi ni nyeupe, na anagongwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Adams hakuwa muumini, lakini utani huo unampiga mbishi kuliko muumini. Huyo mchungaji anaandaa mahubiri, nawaambieni.

Kasoro yake? Wanawake. Trillian ni msomi wa nyota na hesabu, peke yake kati ya wanaume wasiojua wanakoenda, na katika kitabu cha kwanza anapewa maneno ya kujaza kikombe cha chai. Wanangu wa kike walilalamika na nilikosa la kuwatetea.

Cha tano sasa. Mwenyewe alikiri kwamba kilikuwa kizito, alikiandika katika mwaka mbaya. Cha kwanza kinaivunja dunia lakini kinamwonea Arthur huruma. Bado anaruhusiwa kutafuta kikombe cha chai. Cha tano hakimwachii hata hicho. Mteja wako hakukasirika kwamba utani umepungua. Alikasirika kwa ajili ya Arthur.

MpimaArdhi, Arusha (Sakina)

Shikamoo mwalimu. Ya huruma nakubali, ya ofisi siachi. Arthur angekuwa mkubwa mahali tusingemwonea huruma. Tunamwonea kwa sababu yuko nje ya dirisha.

KodiNaKahawa, Njiro

Mama, cha tatu unacho? Nakuja Moshi wikiendi.

MamaKaratasi, Moshi

Cha tatu sina, kiliondoka na mwalimu mmoja wa Machame. Ninacho cha nne, jalada limechanika kidogo, elfu tatu. Ukikichukua, cha tano nakupa bure.