Mjadala: Je, ugomvi wa Ireland ulikuwa wa dini au wa ardhi?

Ndugu aliyeanzisha mada anadai kwamba Wakatoliki na Waprotestanti wa Ireland waliuana kwa karne nyingi kwa sababu ya tofauti za ibada tu. Naomba kutofautiana naye. Wakuu Wakatoliki wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, walipokimbilia Ulaya bara mwaka 1607, serikali ya Mfalme James wa Kwanza iliwanyang'anya ardhi na kuwagawia walowezi wa Uskoti na Uingereza, ambao karibu wote walikuwa Waprotestanti. Tangu hapo, kuijua dini ya mtu kulitosha kukisia nani ameporwa na nani amepewa.

Itazameni sheria ya mwaka 1704. Mkatoliki alipofariki, shamba lake lilikatwa vipande kwa wanawe wote wa kiume, hivyo mali ya ukoo ikawa inapukutika kizazi baada ya kizazi. Lakini mtoto wa kwanza akijiunga na kanisa la serikali, yaani la Kianglikana, alirithi lote. (Kama aliyaamini aliyoyakiri, hilo halikumsumbua hakimu.) Sheria hiyohiyo iliwafungia Wapresbiteri nyadhifa za umma, ingawa nao ni Waprotestanti. Si ajabu, basi, kwamba mwaka 1791 Wapresbiteri wa Belfast waliungana na Theobald Wolfe Tone, Mwanglikana, kuanzisha chama cha Waairishi Walioungana na kudai haki za Wakatoliki.

Hata mwaka 1968, kilichozua upinzani kule Caledon, kijiji cha Ireland Kaskazini, kilikuwa nyumba ya halmashauri aliyopewa msichana Mprotestanti wa miaka 19, asiye na mume wala mtoto, ilhali familia za Kikatoliki zilikuwa zikisubiri makazi.

Jibu la mchangiaji mwingine:

Ndugu yangu, umetaja mwaka 1791 ukauruka 1798, chama hichohicho kilipoasi. Huko Scullabogue, Wexford, waasi waliwachoma ghalani mateka, na pamoja na waliopigwa risasi waliuawa watu zaidi ya mia moja, wengi wao Waprotestanti, wakiwemo wanawake na watoto. Watoto wale hawakuwa na hati ya shamba lolote. Ukisema dini ilikuwa alama tu ya mwenye ardhi, basi utueleze kwanza ni ardhi gani iliyokuwa ikigombewa ndani ya ghala lile.