Burundi 2018: waliokataa kutaja kabila la wafanyakazi walifanya sawa?

Mwana_Kigoma: Oktoba 2018 Bujumbura ilisimamisha mashirika ya misaada ya kigeni miezi mitatu. Masharti ya kurudi kazini: onyesha wafanyakazi wako kwa kabila, Wahutu asilimia 60, Watutsi 40. Wengi walisaini wakabaki. Handicap International, wanaosaidia watu wenye ulemavu, walikataa, wakafunga baada ya miaka 26. Nani alikuwa sahihi?

Mtu_wa_Rumonge: Anayengoja mguu wa bandia hawezi kula msimamo wa mtu. Wangesaini, wabishane wakiwa ndani. Na huo mgawanyo wa makabila mliupika nyinyi Watanzania kwenye mkataba wa amani ya Burundi, Arusha mwaka 2000, leo unawanukia vibaya?

Kalamu_Butu: Tumeupika sisi? Nyerere, msuluhishi wa kwanza, alifariki 1999, Mandela ndiye aliyemalizia. Kalalamike Johannesburg.

Mwana_Kigoma: Halafu Arusha waligawana serikali na bunge, si mfagiaji wa ofisi ya shirika.

Tausi_K: Ukishampa afisa orodha hiyo, huichukui tena. Nchi yenu hiyo 1972 watu walikamatwa kwa orodha za majina. Wafanyakazi wenyewe waliulizwa kama wako radhi?

Mtu_wa_Rumonge: "Nchi yenu hiyo." Asante, Tausi. Mtanzania hamalizi salamu hajauliza "wewe kabila gani", halafu anatuhubiria.

Kalamu_Butu: Tunauliza tupate kutaniana! Sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967.

Mtu_wa_Rumonge: Sensa haiulizi, mama mkwe anauliza.

Tausi_K: 😂 Hapo umenipata. Lakini hujanijibu.

Kalamu_Butu: Mama mkwe wangu Mhaya, mimi Mmakonde, mahari walipokea. Usitusingizie.

Mwana_Kigoma: Jamani, mada! Kosa naliona kwenye kujadiliana. Kila shirika lilipeleka faili lake peke yake, na serikali ilijua mwenye mradi mkubwa hatathubutu kuondoka. Wangeingia kwa waziri kwa sauti moja, labda wangepata hata nyongeza ya muda.

Mtu_wa_Rumonge: Sauti moja, watu wanaogombania wafadhili walewale? Ndugu yangu, umewahi kuwaona wakigawana hata wilaya?

Binti_Buyenzi: Mnabishana 60 kwa 40. Sisi Waswahili wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tunaandikwa wapi? Babu yangu Mmanyema wa Kongo.

Kalamu_Butu: Mmanyema! Basi una ndugu Ujiji. Wa Kasongo au wa wapi?

Binti_Buyenzi: Kasongo. Kumbe na wewe unauliza.