Aina za haki za binadamu: nifundisheje wasaidizi wa kisheria bila kuishia kwenye "vizazi vitatu"?

MsaidiziWaKata

Wakuu, salaam. Nina somo la siku moja kwa wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya kata, watu 25 hivi, wengi wameishia kidato cha nne. Mada ni misingi ya kimataifa ya haki za binadamu na aina za haki.

Kitini nilichorithi kinagawa haki katika vizazi vitatu: kiraia na kisiasa, kisha kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, halafu haki za makundi. Baada ya hapo kinataja misingi (haki ni za wote, hazinyang'anyiki, hazigawanyiki, zinategemeana), kinataja "haki zisizoguswa" nne, yaani kuishi, kutoteswa, kutofanywa mtumwa na dini, basi kimekwisha. Msaidizi akitoka hapo hana la kumwambia mtu aliyekaa mbele yake.

Nataka kufundishia mifano mitatu: (a) kijana kapigwa kituo cha polisi ili akiri, (b) familia 12 zimebomolewa nyumba kwenye ardhi ya umma bila kupewa taarifa, (c) binti wa miaka 14 kaachishwa shule ili aolewe. Kila mmoja uko aina gani, na unaanzia wapi? Na swali la nyongeza ambalo najua nitaulizwa: kama haki hazigawanyiki, mbona Katiba yetu inaruhusu mahakama kugusa baadhi na nyingine hapana?

Nawasilisha.

Hoja_na_Kifungu

Mkuu, vizazi vitatu vipe dakika tano tu. Ni mgawanyo wa mwanasheria Karel Vasak wa miaka ya 1970, aliouegemeza kwenye kaulimbiu ya Ufaransa ya uhuru, usawa na udugu. Kama historia hauna ubaya. Ubaya wake ni kwamba unampa mwanafunzi picha ya foleni: kwanza kura, chakula baadaye.

Halafu kuna haki zinazokataa kukaa kwenye chumba kimoja. Haki ya kumiliki mali imo kwenye ibara ya 17 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, lakini mikataba yote miwili ya 1966 iliiacha nje. Haki ya kuunda chama cha wafanyakazi imo kwenye yote miwili: ibara ya 22 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na ibara ya 8 ya Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni. Mikataba ikawa miwili kwa sababu ya mvutano wa Vita Baridi kuliko sababu ya kisheria. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, haukuhangaika na hayo. Uliweka zote kwenye waraka mmoja, na haki za watu kama kundi zikapewa ibara za 19 hadi 24.

Badala ya "hii ni kizazi gani?" wafundishe kuuliza: ni wajibu gani wa dola umevunjwa? Dola ina wajibu wa kuheshimu (isiivunje haki yenyewe), kulinda (izuie wengine wasiivunje) na kutimiza (itoe huduma, bajeti, utaratibu). Tume ya Afrika, inayosimamia mkataba huo, ilitumia mgawanyo huu, ikiongeza wajibu wa kukuza, katika shauri la asasi ya SERAC dhidi ya Nigeria mwaka 2001, kuhusu mafuta na watu wa Ogoni. Mkataba wa Afrika hautaji makazi wala chakula kwa jina. Tume iliipata haki ya makazi kwa kusoma pamoja haki ya mali, ya afya na ulinzi wa familia. Mtu akikuuliza "haki zinategemeana" maana yake nini kwa vitendo, mpe mfano huo.

Sasa mifano yako. Kijana aliyepigwa: wajibu wa kuheshimu umevunjwa na mtumishi wa dola mwenyewe. Binti: mvunjaji ni mzazi na mwoaji, kwa hiyo kwa dola swali ni la kulinda. Nyumba ndipo wengi wanapoteleza. Wakisikia "makazi" wanasema ni haki ya kiuchumi, inatekelezwa hatua kwa hatua kadiri uwezo unavyoruhusu, basi tusubiri. Hapana. Kutobomoa hakuhitaji bajeti. Hatua kwa hatua inahusu kutimiza, na hata huko kuna kiwango cha chini kabisa kisichosubiri, kama Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilivyoeleza kwenye Maoni ya Jumla Na. 3 ya 1990. Ubaguzi nao haupewi muda wa kusubiri.

Kwa ubomoaji, chapa orodha ya Maoni ya Jumla Na. 7 (1997) uwagawie: mashauriano ya kweli na wahusika, taarifa ya muda wa kutosha, maelezo ya ardhi itatumiwa kwa nini, maofisa kuwepo na kujitambulisha, kutobomoa usiku wala katika hali mbaya ya hewa, na nafasi ya kwenda mahakamani kabla na baada. Msaidizi akiwa na orodha hiyo mkononi anaweza kuhoji familia zote 12 kwa nusu siku na kutoka na maelezo yanayofaa kuwa kiapo.

Swali la nyongeza: ibara ya 11 ya Katiba ya Tanzania (kazi, elimu, ustawi) ipo kwenye sehemu ya malengo ya msingi, na ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuamua kuhusu sehemu hiyo. Ibara za 12 hadi 29 ndizo zinazopelekwa Mahakama Kuu. Msingi wa kutogawanyika, uliorudiwa Vienna mwaka 1993, hausemi kila nchi imeutii. Usiwafiche hilo. Wafundishe kuzunguka: elimu ya binti ibebe kwa mlango wa usawa (ibara ya 13) na kwa sheria za kawaida.

Wakili_Bonde

Nakubaliana na Hoja karibu kote, ila lile sanduku la "haki zisizoguswa" kwenye kitini lazima lirekebishwe, maana linachanganya vitu viwili.

Kuna kusitisha haki wakati wa hali ya hatari, na kuna kuiwekea mipaka siku za kawaida. Ibara ya 4 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa inataja haki zisizositishwa hata kwa dharura. Ni saba, si nne: kuishi, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kutofungwa kwa kushindwa kutimiza mkataba, kutoadhibiwa kwa sheria iliyotungwa baada ya tendo, kutambuliwa mbele ya sheria, na uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Lakini dini haisitishwi, na bado namna ya kuidhihirisha inaweza kuwekewa mipaka na ibara ya 18(3). Kuamini hakuguswi, vipaza sauti saa tisa usiku vinaweza kudhibitiwa. Kutoteswa hakusitishwi, hakuwekewi mipaka, na hakuna sababu inayokubalika.

Mkataba wa Afrika hauna kabisa kipengele cha kusitisha haki. Tume ilisema hivyo katika shauri dhidi ya Chad lililoamuliwa 1995: hata vita vya wenyewe kwa wenyewe si kisingizio.

Kwetu Kenya orodha ni nyingine tena. Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 kinataja nne zisizopunguzwa: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na amri ya kumfikisha aliyezuiliwa mbele ya mahakama. Linganisha: kusikilizwa kwa haki hakumo kwenye ibara ya 4 ya mkataba, na haki ya kuishi haimo kwenye Kifungu cha 25. Mwalimu anayesema "haki zisizoguswa ni hizi" bila kutaja ni za waraka upi anawapotosha.

Haki nyingine zote zinapimwa kwa maswali matatu, kwa mpangilio huu: je, mpaka umewekwa na sheria iliyo wazi? Una lengo halali? Ni wa lazima na unalingana na lengo hilo? Jibu la "hapana" mahali popote, mpaka umeanguka. Katika shauri la Mchungaji Mtikila, Juni 2013, Mahakama ya Afrika ilipima katazo la mgombea binafsi Tanzania. Sheria ilikuwepo, na serikali ilitoa sababu, lakini hatua hiyo haikulingana na lengo lililodaiwa. Wape darasa mfano huo, waupime wenyewe hatua kwa hatua kabla ya kuwaambia matokeo.

Kuhusu nyumba, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua shauri la Mitu-Bell Januari 2021, kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Hoja yake kuu: waliokaa kwenye ardhi ya umma huenda hawana hati, lakini hawaondolewi tu kama takataka, kwani haki ya makazi chini ya Kifungu cha 43 inaanza kuwalinda. Tanzania hamna kifungu kama hicho, kwa hiyo usiinukuu kana kwamba inawafunga majaji wenu. Itumie kama hoja ya kushawishi.

Jambo la mwisho, dogo ila linaaibisha: ukifundisha mfano (a) usitaje Mkataba wa Kupinga Mateso dhidi ya Tanzania. Tanzania haijauridhia. Tumia ibara ya 13(6)(e) ya Katiba, ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na ibara ya 5 ya Mkataba wa Afrika.

MsaidiziWaKata

Shukrani sana wakuu, sanduku nimeshalifuta. Bado milango ya kupeleka malalamiko. Wengi wataniuliza kama wanaweza kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika pale Arusha.

Hoja_na_Kifungu

Moja kwa moja, hapana. Tanzania iliondoa Novemba 2019 tamko lake la ibara ya 34(6) ya itifaki ya mahakama hiyo, lile linaloruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri, na uondoaji ukaanza kufanya kazi 22 Novemba 2020. Mtu binafsi au asasi haiwezi kufungua shauri jipya pale dhidi ya Tanzania. Jengo kuwa Arusha hakubadilishi kitu.

Mlango uliobaki wazi ni Tume ya Afrika, Banjul, ambayo yenyewe inaweza kupeleka shauri mahakamani. Waogiek wa msitu wa Mau walifika Arusha kwa njia hiyo, kwa kuwa Kenya haikuwa imetoa tamko hilo. Hukumu ilitoka Mei 2017, na ya fidia Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara yasiyo ya mali. Hesabu miaka hiyo mbele ya darasa, wasimwahidi mtu kuwa mambo yataisha mwakani.

Banjul wanapokea kwa masharti saba ya ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Yanayoua mashauri mengi ni mawili: kutomaliza njia za ndani, na kukaa muda mrefu mno baada ya kuzimaliza. Mengine yanaonekana mepesi lakini yanahusu uandishi wa msaidizi moja kwa moja: jina la mlalamikaji liwepo (anaweza kuomba lisitangazwe), lugha isiwe ya matusi, na ushahidi usiwe vipande vya magazeti pekee.

Kwa hiyo anzeni chini.

Mfano (a): siku ya kwanza ni ya hospitali. Fomu ya PF3, ya majeruhi kuchunguzwa na daktari, hutolewa na polisi, basi anayelalamikia kituo kimoja aombe kituo kingine. Picha za majeraha zenye tarehe, majina au namba za askari, saa aliyoingia na kutoka. Wakili akipinga ungamo mahakamani, upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuonyesha kuwa lilitolewa kwa hiari. Bila rekodi ya daktari yote yanabaki neno kwa neno.

Mfano (b): kama nyumba bado zimesimama, kazi ya haraka ni kuomba zuio. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali inatanguliwa na notisi ya siku 90, na greda halisubiri siku 90, kwa hiyo mpeleke mtu kwa wakili siku hiyohiyo. Shauri la kikatiba linafunguliwa Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3. Kosa la kawaida ni kukimbilia huko wakati kuna nafuu ya kutosha kwenye sheria nyingine: kifungu cha 8(2) kinairuhusu mahakama kukataa. Marekebisho ya 2020 yaliongeza kiapo kinachoonyesha mlalamikaji ameathirika yeye binafsi. Sharti hilo limepingwa mahakamani, hivyo angalieni hali yake siku mnayofungua.

Mfano (c): usianze na Katiba hata kidogo. Anza na dawati la jinsia na watoto na afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya 2016, inamfanya anayeoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kuwa mkosaji, kifungo miaka 30. Barua ya mwalimu mkuu kuthibitisha binti ni mwanafunzi ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Hoja ya kikatiba dhidi ya vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ilishaamuliwa: Mahakama Kuu 2016, Mahakama ya Rufani 2019.

Wakili_Bonde

Kuna mlango mmoja Hoja hajautaja: Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, na ndiyo maana watu huchanganya. Haidai umalize njia za ndani. Haina mamlaka kamili ya haki za binadamu, lakini tangu shauri la Katabazi mwaka 2007 inapokea mashauri kwa misingi ya utawala wa sheria na utawala bora iliyomo kwenye ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba wa Jumuiya. Sehemu za Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania zilipingwa huko, na uamuzi ukatoka Machi 2019.

Mtego wake ni muda: miezi miwili tangu kitendo kifanyike au mlalamikaji alipokijua, ibara ya 30(2). Mahakama haiongezi hata siku. Familia zako 12 zikitumia miezi mitatu kuandika barua kwa mkuu wa wilaya, mlango huo umefungwa. Kwenye fomu yenu ya kupokea malalamiko, tarehe ya tukio iwe kisanduku cha kwanza, juu ya jina.