Wakuu naombeni ushauri: naambiwa nina jipu kwenye tezi dume

MzeeWaParachichi: Heshima kwenu. Niko Mbeya, miaka 54. Leo siku ya 8 homa na kutetemeka, na si baridi yetu ya Juni. Mkojo unatoka matone na unachoma, kukaa kitini siwezi. Sindano za UTI nimechomwa siku 5, homa iko palepale. Ultrasaundi imeonyesha usaha ndani ya tezi, sentimita 3. Hakuna vidonge vikali zaidi, nisitobolewe?

BodaKabwe: Kipimo cha kidole ulikubali? 😂

NesiMstaafu: Boda, acha utoto. Baba, usaha wa ukubwa huo vidonge haviumalizi. Unavutwa kwa sindano au unafunguliwa kupitia njia ya mkojo, huku dripu za antibayotiki zinaendelea. Una sukari?

MzeeWaParachichi: Ya kawaida tu, mama.

MpungaKyela: Mzee wetu PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilipanda tukajua saratani, tukauza ng'ombe wawili twende Dar. Kumbe maambukizi. Mmoja alikuwa na mimba, roho inaniuma hadi leo.

NesiMstaafu: Ya kawaida ni ngapi?

MzeeWaParachichi: 19. Metformini, vidonge vya sukari, niliacha tangu Aprili, natumia majani ya mstafeli na nilikuwa najisikia vizuri tu. Wodini nilisaini jana nikatoka. Kijana kanikatia tiketi ya alfajiri, Sumbawanga, kuna mtaalamu. Kisu sehemu ile si mchezo, nina mke mdogo.

MlokoleUyole: Huyo mke mdogo ndiyo jipu lenyewe. Tubu.

BodaKabwe: Hii chai. Juzi huyuhuyu anauza shamba Rungwe, anabishania bei mzima kabisa. Leo mahututi?

MpungaKyela: Chai ya Mufindi, ina rangi kabisa.

MzeeWaParachichi: Shamba nauza kwa ajili gani unadhani?

NesiMstaafu: Hata kama ni chai, namjibu anayesoma. Sukari 19 na usaha ni hatari: unaweza kupasukia njia ya haja kubwa, au vijidudu viingie kwenye damu, presha ishuke, figo zigome. Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?

MzeeWaParachichi: Saa nne asubuhi.

NesiMstaafu: Sasa ni saa mbili usiku! Rudi hospitali sasa hivi, watakupitishia mpira chini ya kitovu mkojo utoke.

MzeeWaParachichi: Na nauli ya watu?

BodaKabwe: Mzee uko wapi? Nakufuata bure. Ikiwa chai, mafuta utalipa.

MzeeWaParachichi: Soweto, karibu na soko. Ila pikipiki sikai, njoo na bajaji.