Nataka kuchora kisutu mgongoni mwa laptopu, nianzie wapi?

mwana_wa_tudor

Salaam aleikum jamani. Nina laptopu ya mtumba, zile nyeusi za maofisini, inchi 14. Mashine yenyewe haina neno, ila mgongo umechakaa. Mikwaruzo kila mahali, na katikati imebaki gundi ya stika ya ofisi iliyokuwa nayo huko Uingereza, inanasa nyuzi za mkoba. Isitoshe, darasani nusu yetu tuna mashine kama hii hii. Juzi mwenzangu kaibeba yangu mpaka steji ndo akapigiwa simu.

Nataka niuchore kwa mkono mtindo wa kanga ya kisutu: pindo la pembeni, mji wa katikati na jina, yaani yale maneno yake. Kuchora si haba, nimekulia nyumba ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maharusi mikononi. Nisichokijua ni rangi. Itashika kwenye plastiki? Itastahimili jasho na joto letu hili? Na kuna mtu kaniambia rangi inaua waifai, kweli ama ananitisha tu?

stika_mwembetayari

Dada, kwa nini ujitese? Njoo nikukatie stika ya kisutu kutoka kwa picha, unangoja hapo hapo. Ukiichoka unabandua.

mwana_wa_tudor

Shukran kaka, lakini ukinikatia mie leo, kesho utamkatia mwenzangu ile ile. Hiyo ndiyo shida ninayoikimbia.

fundi_makadara

Waifai kwanza. Mashine nyingi za aina hiyo antena zake ziko ndani ya kifuniko, juu ya kioo, upande ulio mbali na bawaba. Plastiki inapitisha mawimbi, na rangi ya kawaida vilevile. Kinachoziba ni chuma. Kwa hivyo ule ukanda wa juu usiujaze rangi ya fedha au dhahabu yenye unga wa chuma ndani. Mistari miwili mitatu ya kalamu ya dhahabu haitakufanya kitu.

Kushika kunategemea mgongo ni wa nini. Plastiki ngumu, hewala. Alumini utaijua kwa ubaridi wake, na hiyo rangi haishiki mpaka uikwaruze, ukiikwaruza unaondoa ile ngozi iliyotoka nayo kiwandani. Ukigusa ukahisi kama mpira, ngoja. Utando huo kwa unyevu wa hapa huanza kunata wenyewe, na siku ukibanduka utaondoka na mchoro wako wote.

Gundi ipake mafuta ya kupikia kidogo, yaache yaingie, isugue kwa kitambaa, kisha sabuni kidogo kwenye kitambaa kilichokamuliwa sana, umalizie na spiriti ya duka la dawa. Asetoni ya kucha usiisogeze karibu, inayeyusha plastiki. Halafu msasa laini, namba 600 au 800, ukiwa mkavu, mpaka mng'aro upotee basi. Zima mashine kabisa na uchomoe chaji. Kingo, bawaba na matundu yote ziba kwa masking tepu. Vumbi la msasa likiingia kwenye feni utaniletea mie.

bi_piko_kibokoni

Mwanangu, kisutu juu ya mashine nyeusi ni bahati yako. Rangi za kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nyeusi unayo tayari. Nunua kalamu mbili tu za rangi ya akriliki, zile za kutikisa kabla ya kuandika. Mie nazitumia kwenye trei za maharusi. Maka ya kawaida usidanganywe nayo, inafifia.

Sasa sikiza. Nyekundu ukiipaka moja kwa moja juu ya nyeusi inakuwa kama damu iliyokauka. Chora umbo lote kwa nyeupe kwanza, liwe korosho au ua, likauke kabisa, ndo ulijaze nyekundu huku ukibakisha uzi mwembamba wa nyeupe pembeni. Uzi ule ndio unaofanya kitu kionekane kimechapwa.

Vipimo vinakupendelea. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, na mgongo wa inchi 14 ni karibu 33 kwa 23, umbo ni lile lile kasoro kidogo. Pindo la sentimita 3 latosha. Lakini usianze kama piko, katikati ya kiganja ukitawanyika. Anza na pembe nne, kisha jaza kutoka kila pembe kuelekea katikati ya upande. Mahesabu yakikukataa, ua moja katikati ya upande utalibana au utalinyoosha na hakuna atakayejua. Pembe ikikosewa kila mtu anaiona.

Kabla hujashika kalamu amua jina atalisoma nani. Ukiandika mashine imefungwa mbele yako ilivyozoea kukaa, ukiifungua maneno yatasimama kichwa chini kwa wote walio mbele yako. Apple wenyewe zamani tufaha lao lilikaa hivyo, limkae sawa mwenye mashine, baadaye wakaligeuza. Na jina la kanga tangu lini likaandikwa kwa ajili ya aliyeivaa? Igeuze, bawaba ziwe upande wako, ndo uandike.

Juu yake vanishi ya kupuliza isiyo na rangi. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe ukungu tu, ukilowesha rangi itatambaa. Usipulize jioni wala baada ya mvua. Unyevu unaingia kwenye vanishi mbichi ikapata weupe, na juu ya nyekundu weupe huo hauna pa kujificha. Mchana jua likiwa kali, dirisha wazi, feni imezimwa. Upande unaoinulia kifuniko uongeze mikono, jasho la vidole laishia hapo. Na usiitie mkobani mpaka iache kunuka.

mwana_wa_tudor

Ahsante sana Bi, Mungu akuzidishie. Jina nilikuwa nimeshalichagua: HASIDI HANA SABABU.

fundi_makadara

Na anayekaa mbele yako kipindi kizima akilisoma ni mhadhiri.

stika_mwembetayari

😂😂 Dada, stika ingebanduka.

bi_piko_kibokoni

Ndo vita vinavyoanza hivyo, na huyo ndiye anayesahihisha mtihani. Andika JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, huenda akakuonea huruma. Halafu zile kanga za Biashara Street hapa Mombasa ukitazama ukingoni zina maandishi madogo, Mali ya Abdulla. Nawe nje kabisa ya pindo weka yako kwa herufi ndogo, Mali ya fulani.

mwana_wa_tudor

Hiyo naiandika hata kabla ya pindo! Kalamu ya kuandikia herufi ndogo hivyo niulizie ya ncha gani?

bi_piko_kibokoni

Milimita moja au chini yake. Ukishaipata jaribu kwanza tumboni mwa mashine, mahali pasipoonekana. Kesho yake kwaruza kwa ukucha. Ikitoka, rudia msasa.